MAZUNGUMZO YA AFYA: BAKTERIA WA PUANI NA HATARI YA MAAMBUKIZO



Kidonda cha upasuaji kinapotunga usaha, aghalabu lawama huelekezwa kwenye vyombo vya hospitali au mkono wa mhudumu. Huenda lawama hiyo ikawa ya haki; lakini mara nyingi bakteria wenyewe hutoka katika pua ya mgonjwa.

Bakteria aitwaye stafilokokasi aureusi huishi puani mwa watu wapatao 3 katika kila 10, bila ya kuwaletea homa wala maumivu. Makazi yake ni sehemu ya mbele ya pua, ambako hunata kwenye protini za seli za ngozi. Kuwa naye si ugonjwa. Balaa huanza pale kidole kinapomtoa puani na kumfikisha penye mchubuko, kidonda au mrija wa dawa uliotiwa mshipani. Hapo huleta majipu na usaha, na akiingia katika damu huweza kuua.

Uchunguzi uliofanywa Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2001 uliwahusu wagonjwa 219 waliokuwa na bakteria huyo katika damu. Kati yao, 180 walikutwa na bakteria wa aina ile ile puani.

Habari njema ni kwamba hatari hiyo inapunguzika. Mwaka 2010 madaktari wa Uholanzi walitangaza matokeo ya kuwapima wagonjwa walipolazwa. Waliokutwa na bakteria huyo walipakwa puani marhamu ya mupirosini na kuogeshwa kwa sabuni yenye klorheksidini. Maambukizo yalikuwa asilimia 3.4 kwao, na asilimia 7.7 kwa wenzao wasiotiwa dawa hizo.

Kwa hiyo, wananchi wanakumbushwa mambo yafuatayo:

1. Kuacha kuchokoa pua, na kunawa mikono kwa sabuni kila baada ya kupenga kamasi.

2. Kuosha na kufunika michubuko, na kutoshirikiana taulo wala wembe.

3. Jamaa wanaouguza wagonjwa wanawe mikono kabla ya kugusa kidonda.

4. Anayengojea upasuaji amuulize daktari wake iwapo anahitaji kupimwa.

5. Asiyeumwa asijinunulie vidonge wala marhamu kwa nia ya kusafisha pua. Dawa zikitumiwa ovyo, bakteria huzizoea, na siku ya haja hazitafaa.