Mpishi Naye Aketi

Leo twataka tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo mno kwa kipindi kama hiki: chakula cha Jumamosi jioni nyumbani, na kinywaji kinachofuatana nacho. Somo letu latoka Injili ya Luka, sura ya 10, mstari wa 38 mpaka wa 42, habari za Martha na Mariamu.

Tujiulize kwanza, Jumamosi yetu huku Homa Bay na Migori huwa ya namna gani? Asubuhi kuna soko, kuna shamba, kuna nguo za juma zima za kufua. Mara nyingi kuna mazishi, na mazishi ya kwetu hayana haraka. Jioni ikifika, mama anaingia jikoni akiwa amechoka, na moshi unamwingia machoni. Baba yuko senta na wenzake. Watoto wanakula kwanza, kisha wanasinzia. Baba anarudi saa nne, ugali umekwisha poa. Mama ndiye wa mwisho, anakula amesimama, kilichobaki katika sufuria. Nyumba nzima imekula, wala hakuna waliokula pamoja.

Wazee wetu hawakula meza moja. Katika boma la Wajaluo, wanaume na wavulana wakubwa walikula duol, penye moto wa mwenye boma. Akina mama walikula upande wao, na watoto walipewa hadithi katika siwindhe, nyumba ya nyanya yao. Desturi ile ilikuwa na kasoro zake, lakini ilikuwa na jambo moja jema: si rahisi mtu aachwe ale peke yake. Siku hizi maboma yenye duol na siwindhe ni machache sana. Mahali pake imekuja meza ya sebuleni, tena imetandikwa kitambaa kizuri. Lakini je, tumejifunza kuketi hapo?

Martha alikuwa mwema. Alimpokea Bwana nyumbani kwake, akapika. Watu wengi humlaumu kana kwamba kupika ni dhambi. Si hivyo, kwa maana Bwana na wanafunzi wake walihitaji kula kama sisi. Taabu ya Martha ilikuwa hii: alihangaika kwa mambo mengi, tena alihangaika peke yake. Mgeni yuko sebuleni, maneno ya uzima yanasemwa, na mwenye nyumba yuko kwenye moshi, moyo umejaa uchungu. Nyumba ngapi za kwetu zina Martha kila Jumamosi?

Ninyi wa Kendu Bay mwalijua ziwa dogo la Simbi Nyaima, lenye maji ya magadi, ambako heroe huja kutua. Wazee husimulia kwamba mahali pale palikuwa na kijiji. Usiku mmoja watu walikuwa katika karamu, wanakula, wanakunywa na kucheza. Akaja mwanamke mzee, amechoka, akaomba chakula na mahali pa kulala. Wakamfukuza. Ni mwanamke mmoja tu aliyemhurumia akampokea. Kisha maji yakaja, kijiji kikazama. Hiyo ni hadithi ya wazee, nasi twaipokea kama hadithi, lakini ina fundisho: karamu ikikosa nafasi ya mtu mmoja, ina ubovu ndani yake. Na tukitazama vizuri, yule anayesahauliwa katika nyumba zetu huenda si mgeni wa mlangoni. Huenda ni yule aliyepika.

Basi tufanyeje? Twataja mambo matatu.

La kwanza, tupange chakula kabla ya siku yake. Ndugu zetu Waadventista, ambao misheni yao ilianza Gendia mwaka 1906, wana jambo la kutufundisha hapa. Wao huiandaa Sabato siku ya Ijumaa, ili jua likitua mama naye apumzike. Sisi tuabuduo Jumapili twaweza kuiga hekima hiyo kwa chakula chetu cha Jumamosi jioni. Mboga chungu, kama osuga na dek, hazipungukiwi kwa kupikwa mapema. Mama zetu walizichemsha, wakazitia maziwa, wakazirudisha motoni kesho yake, na uchungu ukapungua. Nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, huchukua saa nyingi motoni. Yachemshwe Ijumaa, na Jumamosi yabaki kukaangwa tu kwa kitunguu. Omena nao wachambuliwe na kuoshwa mchana. Jioni kazi iliyobaki ni ugali na samaki, na hiyo si kazi ya saa tatu.

Wala tusidhani kwamba karamu ni ya matajiri. Ngege mzima ni ghali kwa wengi. Mbuta akikatwa minofu kiwandani, minofu husafirishwa ng'ambo, nasi hubakiwa na mgongo wazi. Lakini mgongo wazi uliokaangwa vizuri, ukaungwa kwa nyanya na kitunguu, ukaliwa na watu wanaopendana, ni chakula cha heshima. Na jamaa ya mvuvi wa omena wasihuzunike kwamba Jumamosi nyingi baba yuko majini na taa zake. Mwezi ukiwa mkubwa, taa hazivuti omena vizuri, na wavuvi hupumzika. Nyumba hiyo na ipange karamu yake kwa kuutazama mwezi.

La pili, tuchague kinywaji kinachofaa. Katika hoteli kubwa wana kanuni zao: divai nyeupe kwa samaki, divai nyekundu kwa nyama. Maana ya kanuni ni kwamba kinywaji kisikipige chakula, bali kikisaidie. Sisi nasi tunavyo vyetu. Samaki wa kukaanga na omena, kwa kuwa wana mafuta na chumvi, hupendeza na maji baridi yaliyokamuliwa ndimu. Mboga chungu na ugali wa mtama na muhogo hupatana na maziwa mala. Nyoyo na viazi vitamu vya Kabondo hushuka vizuri kwa chai ya moto. Baada ya chakula, uji wa wimbi uliotiwa ukwaju, mtu ashike kibuyu chake akisikiliza hadithi. Soda tusiifanye kuwa ndiyo heshima ya mgeni, maana chupa ya mililita 300 huweza kuwa na sukari gramu 30 na zaidi, na katika nyumba nyingi yupo mwenye ugonjwa wa kisukari.

Tena maji yenyewe tusiyadharau. Pwani ya ziwa letu imekijua kipindupindu. Maji ya kunywa yachemshwe Ijumaa, yapoe, yatiwe katika mtungi wa udongo wenye kifuniko. Udongo hupitisha unyevu kidogo kidogo, unyevu ukikauka kwa upepo mtungi hupoa, na maji huwa baridi pasipo friji.

Mgeni akija, tumfikirie kabla hajaketi. Mwadventista mwaminifu hatakunywa chai yetu, wala hatakula mumi, kwa kuwa hana magamba. Basi tumwekee uji na ngege. Jirani Mwislamu atauliza nyama imechinjwa na nani, lakini samaki hana swali la kisu, na kila mmoja hula kwa amani. Kumfikiria mgeni namna hii ni sehemu ya upendo.

Sasa msikilizaji mmoja atauliza: Je, Bwana hakugeuza maji kuwa divai huko Kana ya Galilaya? Ni kweli, twasoma hayo katika Yohana sura ya 2, na Kanisa letu hutumia divai katika Ushirika Mtakatifu. Hatutayapindisha Maandiko ili tushinde hoja. Lakini hebu tuzungushe macho mezani petu. Huenda yuko kijana aliyeacha pombe, huu ni mwezi wake wa tatu, na kila jioni kwake ni vita. Huenda yuko mke ambaye akisikia chupa ikifunguliwa, moyo wake hudunda, kwa kuwa amejua yanayofuata. Huenda wako watoto wanaotazama mkono wa baba ili wajue utu uzima ni kitu gani. Mtume Paulo, katika Warumi sura ya 14, afundisha kwamba ni vema kuacha hata kilicho halali kama kinamkwaza ndugu. Basi kanuni yetu na iwe fupi: kinywaji cha mezani ni kile ambacho kila aliyeketi aweza kukinywa pasipo hofu.

Hata kong'o ya wazee ilikuwa na watu wake na mahali pake. Chungu kilikuwa kimoja, mirija ilikuwa mirefu, na wenye mvi waliketi kukizunguka. Chang'aa ya siku hizi haina chungu cha pamoja wala mzee wa kukemea. Sheria ya mwaka 2010 iliondoa marufuku yake, ikataka itengenezwe na kuuzwa kwa leseni. Lakini hakuna sheria iwezayo kumrudisha baba mezani. Hilo baba atalifanya kwa miguu yake mwenyewe.

Kwa hiyo twasema nanyi, ndugu waume, pasipo kuzunguka. Mwisho wa mwezi ukifika, ukiwa mfanyakazi wa miwa huko Awendo, au mchimba dhahabu wa Macalder, au mwalimu, au mvuvi, kuna njia panda mbele yako. Njia moja yapita senta, nyingine yaenda moja kwa moja nyumbani. Pesa unazomaliza senta kwa saa mbili zingenunua samaki, mafuta, ndimu na maziwa, zikabaki na za kalamu ya mtoto. Zaidi ya pesa, kuna kiti. Mtoto hukua mara moja tu. Akizoea kukiona kiti chako kitupu, siku utakayotaka kukikalia atakuangalia kama mgeni.

La tatu, tugawane kazi, ili mpishi naye aketi. Wavulana wachote maji na kuwasha moto. Wasichana wasiwe watumishi wa kaka zao. Baba hatapungukiwa cheo akiparuza samaki magamba, au akimnawisha mgeni mikono. Saa moja ya usiku, au saa yoyote mtakayopatana, sufuria zote ziletwe mezani pamoja, ili mama asiwe wa kuinuka kila mara kuleta hiki na kile. Ombi la chakula lisianze mpaka aketi. Hilo ndilo jambo dogo tunalowaachia leo.

Nanyi mnaoona haya juu ya mwanamume kushika samaki jikoni, someni Yohana sura ya 21. Kulikuwa na wavuvi kando ya ziwa, kama sisi. Walifanya kazi usiku kucha wasipate kitu. Asubuhi walimkuta Bwana mfufuka ufukweni, amewasha moto wa makaa, na juu yake kuna samaki, na mkate. Bwana wa mbingu na nchi alikuwa amewapikia. Kisha akawaambia nao walete katika samaki waliovua. Alipika, akawashirikisha, akawaita wale. Ikiwa yeye aliyeshinda mauti hakuona aibu kuwapikia wavuvi waliochoka, sisi ni nani hata tuone aibu kwa ajili ya wake zetu na watoto wetu?

Jumamosi hii tujaribu, hata kama ni omena na ugali na maji ya mtungini. Na tuombe.

Ee Bwana, wewe uliyeketi mezani pa watu wengi, keti na petu. Wapumzishe waliochoka jikoni. Watie nguvu wanaopigana na pombe, uwarudishe walio njiani. Wakumbuke wasio na cha kupika jioni hii, na utupe sisi kuwakumbuka kwa matendo. Utupe kuonana uso kwa uso katika nyumba zetu. Amina.