Kinywa Kisichofungwa



Mimi si mchoraji. Nilikuwa hakimu mpaka nilipostaafu. Hata hivyo leo nawaletea habari za picha moja, ambayo niliiona kitabuni nikiwa nimekwisha kuacha kazi. Laiti ningaliiona mapema.

Aliyeichora ni Artemisia Gentileschi, aliyezaliwa Roma mwaka 1593, binti wa mchoraji Orazio. Mwaka 1611 mchoraji Agostino Tassi, aliyefanya kazi pamoja na baba yake, alimnajisi. Kesi ilisikilizwa mwaka 1612. Ili kupima ukweli wa ushahidi wake, msichana yule alifungwa kamba vidoleni, kisha zikakazwa. Vidole hivyo ndivyo vilivyoshika brashi. Hakubadili neno. Tassi alipatikana na hatia na kuamriwa aondoke Roma, lakini amri hiyo haikutekelezwa.

Miaka zaidi ya 25 ilipita. Akiwa na umri wa miaka 45 hivi, Artemisia alijichora mwenyewe kwa mfano wa Sanaa ya Uchoraji. Siku zile wachoraji walikuwa na kitabu cha Cesare Ripa kilichoeleza kila mfano uchorwe vipi. Uchoraji, kilisema, ni mwanamke mwenye nywele zilizotimka, mkufu wa dhahabu wenye kinyago, na kitambaa kilichomfunga kinywa. Artemisia aliweka nywele zile, akaweka mkufu na kinyago. Kitambaa hakukiweka. Katika picha hiyo, ambayo sasa imo katika hazina ya picha za ufalme wa Uingereza, ameinamia kazi yake, mkono wa kulia umeinua brashi, wala hatutazami sisi.

Vijana, nilipoitazama niliwakumbuka wasichana waliosimama kizimbani mbele yangu. Waliulizwa walivaa nini, na usiku ule walitafuta nini njiani. Nami, niliyekuwa na uwezo wa kuyakataza maswali hayo, niliyaruhusu. Kosa hilo ni langu, na sasa siwezi kulirekebisha.

Miongoni mwenu watatoka polisi, waganga na mahakimu. Siku atakapokuja msichana kueleza yaliyompata, msimkazie kamba. Mwacheni aseme mpaka amalize.