Kichina cha Dodoma Kisiishie Kwenye Ajira

Chuo Kikuu cha Dodoma kina Taasisi ya Confucius tangu mwaka 2013, na vijana huingia humo wakitafuta ukalimani na ajira. Ni haki yao, lakini lugha ya Kichina imebeba hazina kubwa zaidi. Mwaka 263, mwanahisabati wa China Liu Hui alifafanua kitabu kikongwe cha hesabu kilichokwisha kutumia namba hasi, akathibitisha kanuni zake kwa hoja. Kabla yake, wafuasi wa mwanafalsafa Mozi walichambua mantiki, wakafundisha kuwajali watu wote bila upendeleo.

Wapo watakaouliza: mbona tusianze na fikra za Wagogo, wenyeji wa hapa Dodoma? Swali la haki kabisa. Ila fundisho hilo la Mozi likiwekwa mbele ya wajibu wetu kwa ukoo, pande zote mbili zitalazimika kujieleza, na darasa la falsafa hapa Dodoma ndipo mahali pake.