Tujifunze Kuona Kabla ya Kuchora
Maneno ya wachoraji wa kambini, yaliyosemwa Gatumba siku ya kumbukumbu



Tumefika hapa Gatumba kuwakumbuka ndugu zetu waliouawa usiku wa tarehe 13 Agosti 2004 katika kambi ya muda. Walikuwa zaidi ya watu 150, wengi wao Banyamulenge waliokuwa wamekimbia vita Kivu ya Kusini. Wenzetu wamekwisha kusema juu ya haki, na juu ya wajane na yatima. Sisi wachoraji, Kamati imetuomba tujibu swali moja: tuwachore vipi marehemu wetu? Ni swali la kazi ya mikono, lakini linagusa mioyo.

Kila mwaka siku hii ikikaribia, vijana huleta michoro. Mingi ina moto, mapanga na watu walioanguka. Hatuwalaumu, kwa maana hayo ndiyo waliyosimuliwa. Lakini mama aliyepoteza mtoto akifika mbele ya mchoro wa namna hiyo, hugeuza uso. Mchoro ambao wenye msiba hawawezi kuutazama unamfaa nani? Wengine huchora sura ya marehemu kutoka kwenye picha ndogo iliyochakaa. Sura isipofanana, familia hurudi nyumbani na huzuni mara mbili.

Kwa shida hizi mbili tunawaletea walimu ambao labda hamkuwatazamia: wachoraji wa dhahania, yaani wale wanaochora mistari, maumbo na rangi bila kuonyesha mtu, mnyama wala nyumba. Wengi husema huo ni mchezo wa watoto. Sisi tunasema ni shule, na shule hiyo si ngeni kwetu.

Mashariki mwa Rwanda, katika nchi ya Gisaka, akina mama walipamba kuta za nyumba kwa imigongo. Walichanganya samadi ya ng'ombe na majivu, wakainua matuta membamba ukutani, kisha wakapaka rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Humo hamna mtu wala ng'ombe, ila pembe na mistari inayorudiana, na jicho halichoki kuifuata. Katika msitu wa Ituri, huko Kongo, wanaume wa Kimbuti huponda magome ya miti mpaka yanakuwa nguo laini, na wanawake huchora juu yake. Mistari huenda, hukatika ghafla, huacha mahali patupu. Mahali hapo hapakuachwa kwa sababu rangi iliisha. Ni sehemu ya mchoro.

Ulaya nako, Mholanzi Piet Mondrian alianza kwa kuchora miti kama inavyoonekana. Kati ya mwaka 1908 na 1912 alirudia kuchora mti mara nyingi, akizidi kuondoa yasiyo ya lazima, mpaka ikabaki mistari na nafasi zilizo kati yake. Naye vita vilimhamisha: mwaka 1938 alitoka Paris akaenda London, na mwaka 1940 akavuka bahari hadi New York. Karibu na kwetu, Mwethiopia Gebre Kristos Desta alisoma Köln, Ujerumani, akarudi kufundisha Addis Ababa na kuchora dhahania. Baada ya mapinduzi ya 1974 aliiacha nchi yake, akafia ugenini Marekani mwaka 1981. Walimu hawa wanayajua maisha ya mkimbizi.

Tunajifunza nini kwao? Mambo manne.

Kwanza, uzito. Kabla ya kuchora sura, fumba macho nusu uitazame ile picha. Pua na midomo vitapotea, na utabaki na mahali peusi, mahali pa katikati na mahali peupe. Panga hayo matatu kwanza. Wengi huanza na kope za macho, na ndiyo sababu sura haifanani. Ukigeuza picha juu chini ni vizuri zaidi, kwa sababu mkono hauchori tena "jicho" unalolijua, unachora umbo lililo mbele yako.

Pili, nafasi tupu. Sote twapenda kuchora ng'ombe wetu wa pembe ndefu, na pembe hutushinda. Basi usichore pembe. Chora mbingu iliyo katikati ya pembe. Ukiipata mbingu sawasawa, pembe zitakuja zenyewe.

Tatu, kuondoa. Chora mti mmoja mara kumi, na kila mara ondoa kitu. Utajua ni mstari gani unaobeba mti na ni upi uliokuwa pambo tu.

Nne, rangi chache. Mwaka 1937 Pablo Picasso, ambaye hakuwa mchoraji wa dhahania, alichora maangamizi ya mji wa Guernica uliopigwa mabomu. Alitumia nyeusi, nyeupe na kijivu. Damu nyekundu haimo, na bado kila anayesimama mbele yake anajua kwamba watu waliteseka.

Jambo hili la nne linatufaa sisi tusio na fedha. Mkaa uliosagwa hutoa nyeusi, chokaa nyeupe, udongo wetu nyekundu. Changanya na gundi ya unga wa muhogo iliyopikwa ikiwa nyepesi. Kama unachorea boksi la karatasi, lipake kwanza gundi hiyo na uache likauke, lisije likanywa rangi yote. Rangi hii haivumilii mvua, kwa hiyo mchoro ukae ndani.

Kwa wafanyakazi wa mashirika tuna ombi moja kwa heshima. Mnapowapa watoto karatasi, msiwaambie wachore waliyoyaona siku ya vita. Wapeni rangi, waacheni wapange mistari na maumbo wapendavyo. Mwenye jambo la kusema atalisema mwenyewe siku yake ikifika.

Na kwa Kamati tunapendekeza hivi. Mwaka ujao tutandike kitambaa kimoja kikubwa kilichopakwa rangi nyeusi. Kila familia iliyopoteza mtu ije iweke mstari mweupe mmoja kwa kila marehemu wake, kwa mkono wake, mrefu au mfupi, umenyooka au umepinda. Mzee asiyewahi kushika burashi ataweza, na mtoto ataweza. Wale ambao familia nzima iliondoka, hakuna aliyebaki kuwawekea mstari, tuwaachie nafasi katikati, na mtu yeyote asiijaze.

Mama atakayesimama mbele ya kitambaa hicho hataonyeshwa tena jinsi mwanawe alivyouawa. Ataona mstari wake, na ataujua kati ya yote.

Sisi wachoraji tuko tayari kuandaa kitambaa na rangi, na kuwafundisha vijana mambo haya manne tangu sasa. Mungu awapumzishe ndugu zetu.