Jinsi Mnyama na Mwanadamu Wajifunzavyo

Mazungumzo kwa wazazi na wafugaji wa Kiogoro, Kisii



Kila mfugaji wa Kiogoro amepata kuona jambo hili. Alfajiri, ng'ombe wa maziwa asikiapo mlio wa ndoo, huanza kuachilia maziwa hata kabla mkamaji hajagusa kiwele. Hakuzaliwa akiujua mlio wa ndoo. Amejifunza, kwa kuwa siku baada ya siku mlio huo umetangulia kukamwa na kulishwa. Lakini ng'ombe yule yule akipigwa na kutishwa bandani, hujifunza vile vile kwamba mahali pale ni pa hofu, naye huyazuia maziwa yake. Mwenye fimbo hurudi na ndoo nusu.

Aliyelichunguza jambo hili kwa makini ni Ivan Pavlov, mtaalamu wa Urusi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya uyeyushaji wa chakula mwilini. Aliona kwamba mbwa wake walidondokwa na mate kabla ya kuonja chakula. Basi akawa akitoa sauti fulani, na mara baada yake akiwapa chakula. Alipokwisha kurudia hivyo mara nyingi, sauti peke yake ilitosha kuwatoa mate. Tena aligundua kwamba sauti ikitolewa mara nyingi pasipo chakula, mate hupungua hata yakakoma.

Iko na njia ya pili. Mnyama hutenda jambo. Akipata faida hulirudia, asipopata huliacha. Edward Thorndike wa Marekani aliandika habari hiyo mwaka 1898, baada ya kuwafungia paka katika masanduku ambayo iliwapasa kujifunza kuyafungua wenyewe ili wafikie chakula.

Njia hizi mbili zimefanya kazi kubwa hapa Afrika ya Mashariki. Huko Morogoro, Tanzania, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO limewafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Kwanza panya husikia mlio mdogo, "ta!", na papo hapo hupewa chakula, hata akajua kwamba mlio ule ni habari njema. Kisha mlio hutolewa pale tu aonyeshapo harufu ya baruti. Akikosea hapigwi, hapati kitu, basi. Panya mmoja, Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013, alipelekwa Kambodia, akavumbua mabomu na vitu vingine vya kulipuka zaidi ya 100, akatunukiwa nishani ya dhahabu kutoka Uingereza mwaka 2020. Alikufa mwaka 2022.

Ikiwa panya hufundishika hivyo, je, mtoto? Mtoto apigwaye kila akosapo hesabu hajifunzi hesabu. Hujifunza kwamba daftari, ubao na sauti ya mwalimu ni dalili za maumivu. Asubuhi asemapo tumbo linamwuma, aghalabu hasemi uongo. Mwili wake umefundishwa hofu, kama mbwa wale walivyofundishwa mate. Kenya iliondoa ruhusa ya viboko shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza adhabu ya mwili. Lakini mazoea ya kale hayafutwi kwa karatasi peke yake.

Hofu iliyofundishwa yaweza kuondolewa. Mwaka 1924 Mary Cover Jones wa Marekani alieleza habari za mtoto mdogo aliyemwogopa sungura. Sungura aliletwa mbali kidogo wakati mtoto alipokuwa akila chakula akipendacho, kisha akasogezwa polepole, hata mtoto akamshika kwa mkono wake.

Basi, mzazi na ayashike mambo matatu. La kwanza, mtoto atendapo vema asifiwe pale pale, si kesho. La pili, asipewe andazi sokoni kwa sababu ya kulia, maana atajifunza kwamba kilio hununua andazi. Na akipewa leo akanyimwa kesho, atazidi kulia akitumaini. La tatu, akosapo aonyeshwe njia iliyo sawa, kwa kuwa fimbo humwambia alipokosea, wala haimwambii la kufanya.

Wahenga walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ndoo ya maziwa huko Kiogoro yashuhudia vivyo hivyo kila alfajiri.