KAZI YA KUTUNZA NI KAZI
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mowlem, Nairobi



Tunasema leo kwa ajili ya sisi tunaotunza watoto na watu wazima wenye ulemavu wa akili. Alfajiri tunapanda matatu pamoja nanyi. Ninyi mwaenda viwandani, sisi twaenda vituoni na katika shule maalum. Watu husema, "Hao ni mayaya tu." Basi sikilizeni.

Mchukueni mtoto asiyesema. Akiwa na njaa huuma mkono wake. Akiwa na kiu hugonga meza. Aliyekaa naye mwaka mzima anajua. Mgeni hajui, humwona mkorofi, humpigia kelele. Mwingine hamezi vizuri: lazima aketi wima, alishwe uji kijiko kimoja kimoja, pole pole. Mwingine ana kifafa, na dawa yake haingoji. Mambo haya hayafundishwi kwa siku moja.

Mahali fulani tulipofanya kazi zamani tulikuwa watunzaji 2 kwa watoto 18. Mshahara ulichelewa, barua ya kazi hatukupewa, na siku ya mapumziko ilitegemea moyo wa mkubwa. Kabla mwaka haujaisha wenzetu 5 walikuwa wamekwenda zao, kila mmoja na ujuzi wake kichwani. Akaja mgeni. Hakuna aliyemweleza kitu. Akamlisha mtoto aliyelala chali, mtoto akapaliwa. Tulimwinamisha, tukampiga mgongoni, akapona. Mgeni akafukuzwa siku ile ile. Lakini sisi twasema kosa lilianza mapema, siku wale wazoefu walipoachwa waende.

Wala tusijifanye malaika. Sisi pia, tulipochoka, tumewafokea watoto, tumewaita kwa majina ambayo hatungependa watoto wetu waitwe. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 54, yasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa, hata kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdharau. Neno hilo latuhusu. Uchovu ni sababu, si ruhusa.

Katiba hiyo hiyo, Kifungu cha 41, humpa kila mfanya kazi haki ya malipo ya haki, hali nzuri ya kazi, na kuingia chama. Na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, likizo ya siku 21 za kazi zenye malipo kwa kila miezi 12, na mapatano ya maandishi kwa kazi ya miezi 3 au zaidi. Hatuombi hisani, twadai sheria.

Waajiri watajibu kwamba fedha hakuna, kwa kuwa vituo huishi kwa karo na misaada. Kwa vingine ni kweli. Wazazi tunawaona hapa mtaani wanavyohangaika. Basi na tuanze na yasiyokula fedha nyingi. Kwanza, daftari lenye ukurasa wa kila mtoto: anavyokula, dawa yake, anachoogopa. Pili, robo saa ya kupokezana zamu, yenye malipo. Tatu, mgeni asiachwe peke yake mpaka mzoefu amwonyeshe. Hayo ni mwanzo tu. Mshahara bado twaudai, maana bila huo wazoefu wataendelea kuondoka na daftari litabaki na vumbi.

Mtunzaji asiseme hana chama. KUDHEIHA ni chama cha wafanya kazi wa nyumbani, hoteli, shule na hospitali, na kazi yetu imo humo. Kila mwenye jirani wa kazi hii amlete mkutano ujao. Aje na barua yake ya kazi. Na kama hana, aje aseme hana. Hapo ndipo tutakapoanzia.