Kijana, Umejuaje?

Jumamosi moja mchana kijana wa jirani yangu hapa Tandika, wilayani Temeke, alibisha hodi akiwa na karatasi kubwa ameikunja kama mkeka. "Shikamoo, baba mdogo." "Marahaba." Akaomba nimsikilize kwa dakika kumi, maana mimi ni mtu wa redio na yeye hajazoea kusema mbele za watu.

Kijana huyo anasomea kompyuta katika chuo kimoja hapa jijini. Muhtasari wa utafiti wake ulikuwa umekubaliwa katika shindano la wanafunzi kwenye mkutano wa wataalamu wa kompyuta huko Ulaya. Mashindano ya namna hii huendeshwa, mathalani, na chama cha kimataifa cha wanakompyuta kiitwacho ACM, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1947. Mwanafunzi husimama kando ya bango lake, na majaji asiowafahamu hupita wakimhoji. Wachache huchaguliwa kupanda jukwaani, wakaeleza kazi yao na kuulizwa tena. Wa shahada ya kwanza hushindana peke yao, na wa shahada za juu peke yao. Katika mashindano ya ACM mshindi wa kwanza hupata medali na dola 500, fedha ambazo kwa mtu wa Tandika hazifiki hata nauli.

Tukaliegemeza bango kwenye kabati la vyombo. Alikuwa ametengeneza programu inayosikiliza makondakta wa daladala wakiita abiria na kuandika jina la kituo. Sauti alizirekodi Mbagala Rangi Tatu na Buza, na programu ilipatia mara nyingi. Chuoni alikuwa amekwisha kupewa alama nzuri.

Mimi kompyuta naijua kwa kuandikia habari tu. Nikamwuliza swali la mwandishi: makondakta uliowajaribia ni wale wale uliowatumia kuifundisha? Akanyamaza. Walikuwa wale wale. Ni sawa na kumpa mtoto mtihani wa maswali ambayo jana ulimpa pamoja na majibu yake. Wiki iliyofuata alirudi kituoni, akarekodi watu wengine, na programu ikaanza kukosea ovyo. Alilia kidogo, kisha akaliandika bango upya, safari hii likisema kweli.

Sasa najiuliza: ilikuwaje swali hilo lisubiri barazani kwangu? Kazi yake ilikuwa imepita kwa msimamizi, ikafungwa jalada gumu lenye maandishi ya dhahabu, ikawekwa rafuni.

Wenye vyuo watasema maonyesho tunayo. Kweli tunayo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Wiki ya Utafiti na Ubunifu, na tangu 2019 serikali ina mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU. Siyabezi. Lakini nimetangaza maonyesho mengi katika kazi hii, na nakiri tunavyofanya: mgeni rasmi anafika mezani, anauliza "hii inafanyaje kazi?", kamera zinamulika, msafara unasonga. Swali la "umejuaje?" halina nafasi kwenye ratiba. Ajabu ni kwamba watoto wa sekondari wanalipata. Young Scientists Tanzania, iliyoanza maonyesho yake mwaka 2012 kwa kufuata mfano wa Ireland wa tangu 1965, huwasimamisha mbele ya majaji wanaowabana hasa. Mtoto anahojiwa akiwa kidato cha tatu, kisha anaingia chuo kikuu na kuachwa aandike kimya kimya!

Kuhusu Ulaya, kijana hakwenda. Barua ya mwaliko alikuwa nayo, lakini viza alinyimwa kwa maelezo kwamba hakuna uhakika atarudi. Ada ya viza ilitoka katika vikoba ya mama yake, na hairudishwi. Hayuko peke yake. Desemba 2018 watafiti wengi wa Kiafrika walikosa viza za Kanada kuhudhuria mkutano mkubwa wa NeurIPS mjini Montreal. Mkutano mwingine wa aina hiyo, ICLR, ulipangwa kufanyika Addis Ababa mwaka 2020, korona ikauhamishia kwenye intaneti, hatimaye ukafanyika Kigali Mei 2023. Kigali Mtanzania haombi viza, na basi linafika. Nairobi vilevile, ambako Deep Learning Indaba, mkutano wa Waafrika wenyewe, ulikutana Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka 2019, mabango ya wanafunzi yakiwa sehemu ya shughuli.

Na kwa nini kwenda hata huko? Kinondoni kuna kituo cha daladala kiitwacho Sayansi, pale Kijitonyama, jirani na Tume ya Sayansi na Teknolojia. Chuo Kikuu kina kampasi ya kompyuta eneo hilo hilo. Ukumbi mmoja, siku mbili kwa mwaka, mabango ya vyuo vyote vya jiji, na majaji kutoka chuo kisichokuwa cha mwanafunzi. Gharama yake haifiki posho za semina moja ya hoteli.

Kijana bado anakuja Jumamosi. Anakusanya sauti mpya, za wanawake na za wazee, akaomba na yangu. Nilisema "Keko" kwa sauti yangu yote ya kusomea taarifa ya habari. Programu ikaandika "kiko". Akacheka, akaandika kosa hilo kwenye daftari, akaniambia, "Rudia, baba mdogo."